Ukimya wa Chumba

Kipindi cha thelathini na moja. Dakika saba kwa kila nyumba,
Jumapili jioni, baada ya hali ya hewa,
Lusatia nzima ikimenya viazi mbele ya televisheni.
Mimi ni lile jina linalopita mwishoni mbiombio:
Sauti, Gundel Pietschke.
Nashika fimbo yenye maikrofoni iliyovaa manyoya,
na nikiifanya vizuri kazi yangu, hamtajua nilikuwepo.

Leo tuko karibu na mpaka wa Ucheki,
theluji ya Machi imeoza kuwa matope.
Falk, mtangazaji, na skafu yake ya kijani,
anaifundisha kamera alichokisoma ndani ya gari:
Chumba cha chini ni cha magogo,
kimekaa kama sanduku, hakibebi kitu.
Nguzo za mwaloni zimesimama nje yake
zikibeba ghorofa na paa zima.
Kwa nini? Kwa ajili ya kitanda cha mfumi!
Kilipopiga tangu alfajiri, chini palitetemeka,
na juu watoto wakalala.
"Rudia," asema Ortrun, mwongozaji. "Kuna kuku."

"Na kuna uongo," asema mwenye nyumba
kutoka upande ambao kamera haiutazami.
Bi Roswitha Kuhnt, miaka themanini na minne,
mikono imejaa unga.
"Tulikuwa sita huko juu. Mtetemo ulipanda
hadi kwenye meno. Tuliuzoea, tukaulalia.
Baba alipokata uzi wa mwisho, kimya kikaingia,
ndipo tulipoamka tukilia."

Ortrun akasema ni maneno mazuri mno,
ila dakika ni saba,
na wataalamu wameshaandika vingine.

Kabla ya kufungasha, huwa naomba sekunde thelathini.
Kila chumba kina ukimya wake, haukopeshwi kwingine.
Mhariri akishakata maneno ya watu,
huo ndio udongo wa kuzibia nyufa.
Basi jokofu tukalichomoa, saa ya ukutani tukaisimamisha,
mbwa tukamtoa nje na mfupa wake.
Falk aliganda na biskuti shavuni.
Mpiga picha alisimama kwa mguu mmoja.

Nikafumba macho ndani ya vipokea sauti.
Kuni zikijinyoosha jikoni.
Theluji ikiteleza paani, ikisita, ikiteleza.
Halafu, chini kabisa, mahali ambapo sauti
huwa karibu na kuwa mguso tu:
du. Kimya kidogo. Du.

Nikafumbua. Bi Roswitha kwenye benchi la dirishani,
uso umeelekea bustani, mikono imelala,
na ndani ya ndara za sufi miguu yake ikikanyaga
kulia, kushoto, kulia,
mtande usioonekana, mshindio usiokuwapo.

Kanuni inasema niinue mkono, tuanze upya.
Mkono wangu ulikuwa mzito kwa fimbo. Haya, tuseme hivyo.

Tulisahau kulichomeka jokofu. Maziwa yakaharibika,
kituo kikamlipa kwa hundi na kalenda.

Mwezi Mei kikaonyeshwa. Yeye hayumo,
isipokuwa kiwiko, wakati wa biskuti.
Lakini chini ya sauti ya Falk, chini ya mwaloni na magogo,
mguu ule ulitembea dakika zote saba.
Zilikuja barua nne: tatu kuhusu skafu,
moja ya mzee wa Zittau akiuliza kuku wale ni wa aina gani.

Kisha simu.
"Mmeipiga vizuri, nyumba. Ila mlango mliouonyesha
ni wa jirani, na hatusemezani tangu gharika."
Nikaomba radhi.
"Na tena," akasema, "yule aliyekuwa akifuma,
mlimtoa wapi?"

Sikumjibu upesi. Upande wake wa simu
saa ya ukutani ilikuwa imesharudi kazini.